Blanketi Nililokukataza Kufua

Bellevue, Johannesburg
Jumamosi jioni, Januari 2019

Nsimire, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu ningekupa kwa mdomo, maana umetoka hapa muda si mrefu na harufu ya mafuta yako ya nywele bado iko chumbani. Umeenda kuaga kwaya. Umesema utarudi kabla ya mvua. Mimi nimekaa barazani kwenye cherehani changu, natazama mawingu yanavyojikusanya upande wa Kensington, nikaona heri niandike upesi. Nikisubiri uso wako nitaanza kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za soksi. Habari za soksi nilimwandikia baba yako. Mwaka 2015, alipokuwa anaondoka kwenda Cape kututafutia mahali, nilimfungia begi nikamwekea na karatasi ya maagizo: dawa ya kifua anywe lini, namba ya binamu yake, asilale ameegemea dirisha la basi, mashati meupe asiyachanganye na ya rangi. Nilijaza ukurasa mzima mbele na nyuma, na hakuna hata neno moja lililotoka moyoni. Moyoni nilikuwa nataka kumwambia, usiende, naogopa. Alipiga simu miezi mitatu. Halafu namba ikawa haipatikani, na mpaka leo sijui kama ni mauti au ni mlango mwingine uliomfungukia. Kwa hiyo soksi zako ni juu yako. Miguu ikipata baridi, maduka yapo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua utasoma polepole ukisogeza midomo, kama unavyosoma kitabu cha nyimbo. Wewe ni mtoto wa hapa. Kiswahili unakisikia chote, ila ukijibu unajibu kwa Kiingereza, na ukikasirika unanung'unika kwa Kizulu ili nisielewe. Naelewa. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie kwa Kiingereza, lakini jambo ninalotaka kukuambia nilimaliza kulifanya kwa Kiingereza, na sitaki kulitubu kwa lugha ileile. Soma polepole tu. Sina haraka ya kuchukiwa.

Jana ulipokuwa unafunga begi, ulilikunja lile blanketi la viraka, lile lenye ndege, ukalikalia ili zipu ifunge. Ukacheka. Ukasema, "Eish, Mama, huko hosteli kuna mashine ya kufulia. Hatimaye hili blanketi litaoga."

Nami nikasema nini? Nikasema chai imechemka. Hata maji sikuwa nimeyateka.

Usiku nikalala macho wazi. Maana ukilitia blanketi lile kwenye maji mara moja tu, kitu kilichomo ndani yake kitageuka uji, na hutajua kamwe kwamba kilikuwepo. Hapo ndipo penye hofu yangu, nayo ina pande mbili. Naogopa ujue, na naogopa usijue. Nimepima usiku kucha, nikaona ile ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ile ya pili ingenifurahisha.

Nianze nyuma kidogo, ili uone nilivyofika hapo. Usidhani natafuta kuhurumiwa.

Unakumbuka siku zile tatu za 2015, watu walipokuwa wakiwasaka wageni mitaani, tulipolisukuma kabati mpaka mlangoni. Baba yako alikuwa amerudi kutoka Joubert Park bila viatu, mkasi wa kazi bado mkononi, duka lake limevunjwa na majora ya vitambaa yametupwa barabarani. Alikuwa hata hajui kwamba ameshika mkasi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikaa chini ya dirisha ukachora nyuma ya daftari la hesabu, siku tatu. Ulichora viatu vya baba yako. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za watu waliopita nje. Tangu siku zile, kitu fulani ndani yangu hakikusimama tena wima. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshtuka ung'ongo miaka minne. Nimeshtuka pikipiki za kuleta pitsa. Nimemshtukia msoma mita wa umeme mpaka akaniomba radhi.

Mama yangu kule Bukavu alikuwa na methali yake ya kila siku: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliisema akitufungia mlango, nami nimeishika kama sala. Sikuwahi kujiuliza ni nani katika nyumba yetu aliyekuwa anacheka.

Aliyeniokoa wakati ule ni Madame Ellen. Wewe ulimjua akiwa mzee anayekupa biskuti ngumu, lakini mimi nilimjua kwa vitasa vyake. Siku ya kwanza niliyoenda kumfanyia usafi kule Kensington, nilisugua kitasa cha shaba cha mlango wa mbele muda mrefu sana, nikidhani yale madoa ni uchafu. Akanikuta jasho linanitoka. Akasema, "Acha hizo, Josephine. Ni alama za nyundo. Zinaonyesha kwamba kuna mtu alikuwepo."

Nyumba yote ilikuwa hivyo. Ilijengwa zamani na watu waliopenda ule mtindo wa Kiingereza wa Sanaa na Ufundi, wa mafundi waliochoshwa na vitu vya kiwandani wakarudi kwenye mikono yao. Ukutani majani ya kuchorwa yalikuwa yakipanda na kusokotana mpaka dari, na ukiyafuata kwa jicho unamkuta ndege amejificha. Meza ilionyesha mahali mbao zilipoungana, bila haya. Mimi ni binti wa fundi cherehani, nimelelewa kuficha mshono. Nilisimama kwenye chumba cha chakula na kitambaa cha vumbi mkononi nikaona wivu. Madame Ellen aliponiona natazama, akaanza kunitolea vitabu vyake vya michoro, baadaye akanitolea sindano. Alikuwa anasema kitu kizuri hakifichi kilivyoungwa. Hilo lishike, utaona nilivyolivunja.

Ndiye aliyenifundisha blanketi la viraka vya pembe sita. Unaijua kazi yenyewe kwa kuiona, lakini ngoja niiseme, maana kosa langu limo humo. Unakata karatasi yenye pembe sita. Unaikunjia kitambaa juu yake, unapiga bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza. Kipande kinasimama imara kwa sababu ya karatasi iliyomo ndani. Kisha unakiunga na jirani zake kwa mshono mdogo. Karatasi haitolewi mpaka kipande kizungukwe pande zote sita. Ukiitoa mapema, kitambaa kinalegea na umbo linapotea. Karatasi yoyote inafaa. Tulikata matangazo ya supamaketi, tulikata madaftari yako ya darasa la tano, tulikata hata vikumbusho vya kodi vya mwenye nyumba. Madame Ellen alinisimulia kwamba huko kwao kuna mablanketi ya zamani ambayo wanawake walisahau kutoa karatasi, na vitukuu wakafumua wakasoma barua za watu waliokufa. Nilicheka nikamwambia sisi tusio na karatasi hatutasomwa na mtu.

Na bustani. Kile kipande cha nyuma, kati ya ukuta na choo cha nje, mwenye nyumba alikuwa anaweka matairi. Nilimbembeleza akaniachia. Nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, nikapanda maboga kwa ajili ya majani, nikapanda mihogo ya sombe ambayo baridi ya Juni inaiua kila mwaka na mimi kila Septemba naipanda tena, kichwa ngumu. Mkomamanga tuliukuta, una umri mkubwa kuliko wapangaji wote wa nyumba hii tukijumlishwa. Majani yote niliyoshona kwenye kazi zangu nimeyatoa pale. Lakini leo nikuambie siri nyingine ya bustani ile. Kila nilipoogopa nilikimbilia jembe. Ulikuwa unasema, "Mama anapenda kulima." Ukitaka kujua siku nilizoogopa, kahesabu matuta.

Sasa nifike. Mvua bado.

Ulipomaliza matric, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, mwishoni mwa 2016, uliomba nafasi kwenye kile chuo cha usanifu wa vitambaa huko Cape. Uliweka michoro yako kwenye bahasha kubwa, na kwenye fomu, palipoandikwa namba ya simu, uliweka yangu, kwa sababu yako ilikuwa imevunjika kioo. Fomu ilisema: usiposikia kitu mpaka mwisho wa Januari, ujue hukuchaguliwa. Wakati unasubiri ulikuwa huwezi kukaa kimya, ndipo tukaanza lile blanketi. Mimi nilitaka ndege wa heshima, kama wale wa ukutani kwa Madame Ellen. Wewe ukachora hadeda. Nikasema hadeda ni ndege wa kelele, anaamsha watu saa kumi na moja alfajiri kwa ukelele wa mtu aliyeibiwa. Ukasema, "Ndiyo maana, Mama. Huyu ni wa hapa." Ukamweka katikati ya matawi ya mkomamanga, mdomo umefumbuliwa, tumbo nene. Sijawahi kuona mchoro uliojaa uhai vile. Nilikata kila unyoya kwa kitenge cha kijani cha baba yako.

Barua ilikuja siku uliyokwenda soko la Yeoville kununua samaki wa kukausha. Niliisoma nimesimama getini. Ilisema wanafurahi kukupa nafasi, na kitanda cha hosteli, na kwamba michoro yako ilizungumziwa.

Nilifurahi, Nsimire. Nataka ujue hilo kwanza. Kutoka getini mpaka barazani nilifurahi mpaka nikaimba. Niliiweka chini ya kifuniko cha cherehani ili nikupe ukirudi, nikaendelea na kazi. Ndipo Mama Chantal, msusi wetu Mrundi wa chumba cha pili, akaja mbio na kanga imemteleza.

"Mama Nsimire, umesikia? Wanasema watarudia tena, vrai vrai, kweli kabisa. Ule mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko sokoni."

"Mwite arudi. Mimi wangu nimewafungia ndani."

Ulikuwa uvumi tu. Siku ile ilipita salama na ulirudi na samaki wako, umenuna kwa sababu nilikupigia simu mara tisa. Lakini katika ile saa moja kabla hujarudi, niliona mambo. Nililiona basi la Cape, lilelile lililombeba baba yako. Niliona simu yako haipatikani. Nilikuwa na blanketi mapajani, vimebaki vipande vya katikati, vile vinavyokaa chini ya tumbo la ndege, na karatasi za kukata zilikuwa zimeniishia.

Ningependa kusema mkono ulijiendea wenyewe. Haukujiendea. Niliinua kifuniko cha cherehani, nikatoa barua, nikaweka kipimo juu ya jina lako, nikachora kwa kalamu ya risasi, nikakata. Nilitoa vipande kumi na vinne. Nilikunjia kitambaa, nikapiga bandi. Ulipoingia getini nilikuwa nimeshashona vitatu.

Kuchoma ningeweza, jiko lilikuwa linawaka. Sikuchoma kwa sababu sikutaka ipotee. Nilitaka tu isifike. Mwoga ana akili ya ajabu, anaharibu kitu huku akikitunza.

Hilo la karatasi labda ungenisamehe, ukisema alishikwa na hofu, akili ilimruka. Lakini baada ya siku sita simu yangu ililia. Sauti ya mwanamke, laini, akajitambulisha kuwa anatoka chuoni, akaomba kuongea nawe. Ulikuwa bustanini unachuma lengalenga, hatua kumi kutoka niliposimama. Niliuona mgongo wako na ile fulana yako ya njano. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba umebadili nia. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasema ni bahati mbaya, nafasi watampa mwingine. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Halafu ukaja na mboga kwenye beseni ukauliza, "Nani huyo?" nikasema wamekosea namba.

Wakati huo hakukuwa na uvumi wowote, mwanangu. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Yale maneno niliyachagua moja moja.

Januari ikaisha. Ulihesabu siku kwa midomo kama mtoto. Tarehe moja Februari ulikunja michoro iliyobaki ukaisukuma chini ya kitanda, ukaja ukakaa hapa kwenye ngazi, ukasema, "Labda ni jina, Mama. Wakiliona wanajua sisi si wa hapa." Nilikuwa nimeshika sahani. Nikakuambia labda. Tangu hapo ukaanza kuwaambia watu unaitwa Sim. Jina la mama yangu ulilikata nusu, na aliyekupa mkasi ni mimi.

Hilo ndilo linaloniamsha saa tisa za usiku. Nilikuacha uamini kwamba nchi ndiyo iliyokukataa, na ni kweli nchi hii imetukataa mara nyingi, kwa hiyo uongo wangu ulipata pa kukaa vizuri. Kumbe safari hiyo aliyekukataa alikuwa anakupikia sombe. Miaka miwili umesuka nywele kwa Mama Chantal pale Rockey Street, vidole vinavimba jioni unavitia kwenye maji ya chumvi, na mimi navisugua, na nasema pole. Kila ulipowachukia watu wa hapa, nilikusikiliza. Nilikuwa nasema hata "unaona sasa."

Na blanketi likaingia kitandani mwako. Karatasi nyingine zote nilizitoa kabla ya kuweka pamba na bitana. Zile kumi na nne nikaziacha, nikafunga. Baridi ya kwanza tu ukaniambia, "Mama, hili blanketi linaongea." Nikasema ni pamba ya bei rahisi. Kila ulipogeuka usiku nilisikia linachakarika, nami nikalala nimebana pumzi upande wa pili wa pazia. Ndipo nikatunga ile sheria: blanketi hili halifuliwi, linaanikwa juani tu, kitenge kitachuja rangi. Fundi mzima anadanganya kuhusu kitenge. Ulipolimwagia chai ya rooibos nilikupigia kelele kana kwamba umeua mtu, na ulinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Lile doa bado lipo pembeni ya mkia wa ndege.

Mtu mmoja alijua. Nilimpelekea Madame Ellen alione, kabla mwanawe hajaja kumchukua kumpeleka ng'ambo. Alimsifu ndege wako. Akasema huyo aliyechora ana jicho. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la hadeda, akabonyeza kidogo, akasikia.

"Umeacha karatasi ndani, Josephine."

"Nilikuwa na haraka, Madame."

"Hujawahi kuwa na haraka," akasema, akalikunja akanirudishia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, robot zote, zile taa za barabarani, nikazivuka bila kuziona, na siku hiyo nililima tuta lile la karibu na choo.

Septemba iliyopita uliomba tena. Hukuniambia, nilikukuta tu umekaa ngazini unajaza fomu kwenye simu. Nikauliza, kwa upole wa mwizi, "Umeweka namba ya nani?" Ukajibu bila kuinua macho, "Yangu, Mama." Basi. Ukaendelea kuandika. Tangu siku hiyo sijui kama unajua. Nimekutazama ukila, nimekutazama ukiosha miguu pale bombani, natafuta. Pengine simu yako tu ilikuwa nzima. Pengine ulinijua zamani ukanihurumia, na hilo ni gumu kulibeba kuliko hasira. Ulipopata nafasi nilipiga vigelegele, Mama Chantal akalia, na wewe ulinikumbatia ukasema, "Sharp, Mama," yaani poa, ukaniachia mapema kidogo. Au ni mimi niliyehesabu.

Nilijiambia miaka hii miwili kwamba nilikuwa nakushikilia tu, kama kipande ambacho bado hakijazungukwa pande zote. Uzushi wa fundi. Pande zako zilikuwa zimeshaungwa zamani, na karatasi ikikaa mno ndani ya kazi, kitambaa kinakakamaa na sindano inakataa kupita. Mimi ndiye niliyekuwa sijashonwa na mtu upande wa baba yako, nikataka wewe uzibe.

Kama kuna jambo la kukuachia, ni hili moja. Woga utakufuata, umeunyonya kwangu, na mji haubadilishi damu. Utaogopa. Ukiogopa, sema naogopa, kwa sauti, kwa mtu aliye karibu, hata akikucheka. Usinyamaze ukaanza kukata. Ningemwambia baba yako naogopa, pengine angeenda hivyohivyo. Lakini angekuwa ameondoka akijua kuna mtu, siyo orodha.

Basi nami nasema. Naogopa. Naogopa Park Station kesho, wale vijana wanaojifanya kukubebea begi. Naogopa dereva wa basi na ile barabara ndefu ya usiku isiyo na taa. Naogopa bahari, ambayo sijawahi kuiona, na sitaki uizoee. Naogopa watu watakaokuuliza umetoka wapi. Lakini hofu hizo ni za kila mama, nitazilima. Iliyobaki haina tuta linaloitosha: naogopa kwamba ukimaliza kusoma barua hii utaondoka na namba yako itakuwa haipatikani, kama ya baba yako, na safari hii nitajua sababu, na sababu itakuwa ya haki.

Ulipotoka tu nililitoa blanketi begini. Usishangae ukikuta zipu imefungwa vibaya. Nimelilaza kitandani kwako kifudifudi, nimefumua bitana upana wa kiganja, pale nyuma ya ndege. Sikutoa kitu. Niliingiza vidole viwili tu nikagusa, zimo. Karatasi imelainika sasa, imekuwa karibu kitambaa. Kimkasi kidogo kiko juu ya mto. Ukitaka kuzitoa uziunganishe usome jinsi walivyokuzungumzia, toa. Ni barua yako, ilikuwa yako tangu getini. Ukitaka kuziacha humo, acha, na mtu wa baadaye atafumua atusome. Ukitaka kuliacha blanketi lote hapa kitandani, nitalikuta kesho nikirudi kutoka stesheni, na nitaelewa. Usilifue tu kabla hujaamua.

Nilitaka kuificha barua hii. Nisikudanganye tena. Nilipoanza kuandika, mpango ulikuwa niitie chini kabisa ya begi, uikute Cape, hasira yako iwe mbali nami safari ya siku nzima. Kisha nikawaza niishone humohumo ndani ya blanketi, pamoja na zile nyingine. Mikono yangu ilishaanza kuikunja kwa kipimo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha vya kutosha ndani ya pamba. Nitakupa mkononi, leo, kabla ya chakula, ili ukitaka kunipigia kelele niwe hapa nisikie, kwa lugha yoyote kati ya zako tatu. Chakula kitasubiri. Ni samaki wa kukausha.

Matone yameanza kuanguka kwenye majani ya boga. Hadeda wamepita wakipiga kelele zao. Jembe naliona pale limeegemea ukuta, na udongo ukilowa kidogo hivi ndio unalimika vizuri.

Geti limelia. Ni wewe, najua unavyolisukuma kwa nyonga. Miguu yangu inataka kwenda bustanini.

Nimekaa, Nsimire. Niko hapa barazani, na sitainuka mpaka umalize kusoma.

Mama yako,
Josephine